Picha ya Jumanne, Saa Kumi na Mbili Jioni

Mume wangu, marehemu Tadjiddine Mroivili, hakufuta faili la mgonjwa yeyote. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo linalosemwa, na linasemwa kwa namna tatu. Kwanza, kwamba alipatana na madaktari alifute faili la binti yetu Nadjma ili wasiulizwe alikufaje. Pili, kwamba alilifuta kwa hiari yake kwa sababu ndani yake mlikuwa na aibu ya nyumba. Tatu, kwamba siku kompyuta za hospitali zilipogoma, mama mjamzito alikufa katika chumba cha upasuaji huku mume wangu akimaliza mambo yake.

Zote tatu zilinifikia nikiwa ndani ya eda, mwaka 2016. Waliozileta walikuja kunipa pole. Baadaye zikavuka bahari mpaka kwa ndugu zangu wa Unguja, nao wakaniandikia kuniuliza. Nawajibu kwa lugha waliyonisomesha wao, maana hapa kwetu Mahajanga tunasema Kimalagasi sokoni, Kifaransa kazini na Kikomoro nyumbani, na Kiswahili changu kimebaki cha kuandikia.

Mama yule mjamzito yu hai. Anauza mokary, vile vikate vya mchele na nazi, mbele ya nyumba yake huku Tanambao, na mtoto aliyezaliwa siku ile yuko darasa la pili. Anayetaka akamsalimie.

Sasa nimweleze mume wangu, kwa kuwa wanaomsema hawakumjua.

Alizaliwa hapa Mahajanga mwaka 1965. Baba yake alitoka Ngazidja na alikuwa mpakiaji bandarini. Yaliyowapata Wakomoro wa mji huu Disemba ya 1976 yanajulikana, na asiyeyajua awaulize wenye umri, mimi sitayaandika. Naandika tu kwamba tarehe ishirini ya mwezi ule Tadjiddine alikuwa na miaka kumi na moja, na kwamba alipopandishwa chomboni kwenda kisiwa cha Nosy Be kwa shangazi yake wa Marodoka, alikwenda peke yake, tayari yatima. Nyumba iliungua. Picha pekee ya mama yake ilikuwa ukutani mwa nyumba ile.

Tulikuwa majirani Marodoka. Baba yangu alinipeleka Unguja kusoma mwaka uliofuata, nikarudi mwaka 1985 nikiwa mwalimu wa hesabu, nikamkuta amekuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, kisiwani hukohuko, kijana mnyamavu anayesuka nyaya vizuri kuliko wanawake wanavyosuka nywele. Tulioana mwaka 1988. Katika miaka yote ya ndoa yetu alinizungumzia picha ile mara moja.

"Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti," aliniambia. "Mkono wake uko juu ya mgongo wa kiti. Mkono naukumbuka, mpaka pete. Nikipanda juu kutafuta uso, hakuna kitu. Uso ulibaki ndani."

Sikumwuliza ndani ya nini.

Nadjma alizaliwa mwaka 1990, na Mungu hakutupa mwingine. Kiwanda kilipoanza kulegea, Tadjiddine alihamia kwenye hoteli za Ambatoloaka kutunza majenereta yao. Hoteli zikanunua kompyuta, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuziangalia, akaziangalia yeye. Alijisomea kwa vitabu na masomo ya posta mpaka akapata vyeti viwili vya Kifaransa, ambavyo bado ninavyo. Mwaka 2004 hospitali moja ya binafsi ya hapa Mahajanga, ambayo sitaitaja jina, ilimwita awe mkuu wa mashine zake. Nilidhani atakataa kurudi katika mji huu, lakini alikubali siku ileile, akapanga nyumba Tanambao, mitaa miwili kutoka pale ilipoungua ile ya kwao. Miaka minane alikwenda msikitini kwa njia ya mzunguko ili asipite mtaa ule. Hakusema kwa nini, nami nilijifunza kutembea kwa mzunguko.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la dawa la hospitali. Hakikuwa na dirisha, na baridi yake ilikuwa ya kukufanya ujifunike. Katikati palisimama kile alichokiita kabati: rafu ya chuma yenye diski ishirini na nne zilizounganishwa zifanye kazi kama kitu kimoja. Wagonjwa wote, dawa zao, damu zao, magonjwa yao, yalikuwa mle. Lilivuma mchana kutwa, kwa sauti moja. Alipoingia asubuhi alikuwa akitoa salamu, "Assalamu alaykum," na hakuna mtu chumbani. Niliona ni mazoea ya mtu aliyelelewa vizuri.

Kila saa kabati lilipiga picha. Waliosema amefuta faili hawakujua picha ni nini, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyoeleza darasani. Fikiria ubao wa darasa ambao watu wanaandika na kufuta siku nzima. Saa kumi na mbili mwalimu anasema: nataka baadaye niweze kuuona ubao ulivyo sasa. Hakuna anayeunakili ubao mzima. Ila tangu hapo, kila mtu anapotaka kufuta mstari, mwanafunzi mmoja anaunakili kwanza ule mstari wa zamani kwenye daftari. Ukichukua ubao na daftari pamoja, unaipata tena saa kumi na mbili kama ilivyokuwa. Hiyo ndiyo picha. Ikipigwa haina uzito wowote, lakini inanenepa kadiri ubao unavyobadilika, na picha iliyokaa sana ndiyo nene kuliko zote. Daftari nalo lina kurasa zake. Zikiisha, kuna mambo mawili tu ya kuchagua: ama daftari litupwe na ubao uendelee, ama ubao usimame na pasiwepo mtu wa kufuta wala kuandika.

Kabati humwuliza fundi wake achague tangu mwanzo. Mafundi wengi huchagua la kwanza. Mume wangu alichagua la pili. Alipendelea kila kitu kisimame kuliko picha ipotee. Hilo alilifanya, nami sitalikana.

Kwa desturi yake picha ziliishi siku moja tu. Ya leo saa nne ilifutwa kesho saa nne, yenyewe.

Novemba ya 2010 Nadjma aliugua homa. Alikuwa na miaka ishirini, amekuja likizo kutoka chuoni, na Idd kubwa ilikuwa imebaki wiki moja. Kitambaa chake kilikuwa kimeshakatwa, hakijashonwa. Tulimlaza hospitalini kwa baba yake siku ya Jumapili. Jumanne aliketi kitandani, akala ndizi, akanitania kwamba nimemletea kanga ya kizee. Muuguzi wa zamu alikuwa Echata, mwanamke wa kwetu Nosy Be, ambaye sasa ndiye mkuu wa wauguzi. Aliandika kwenye faili: homa imeshuka, aruhusiwe Alhamisi. Akaandika na mengine, kwa kuwa Echata huandika kila anachosema mgonjwa.

Homa ilimrudia usiku, ikampanda kichwani. Jumatano kabla ya jua alikwisha kuondoka.

Mgonjwa akifariki, faili lake hufungwa. Ugonjwa, dawa na saa hubaki, vidokezo vya wauguzi wa zamu huondolewa. Ndivyo mtambo wa mafaili ulivyotengenezwa, kwa wagonjwa wote. Asubuhi ile, mwili wa mtoto ukiwa bado unaoshwa, Tadjiddine alitoweka kwa muda wa robo saa. Nilidhani amekwenda kulia. Alikwenda kazini, akaichukua picha ya Jumanne saa kumi na mbili jioni, akaitia kufuli isifutwe.

Kwetu nguo za marehemu hazigawiwi kabla ya arobaini, na kitanda hakihamishwi. Yeye alijiambia kwamba anafanya kama desturi: picha ikae siku arobaini, kisha aifungue iende. Arobaini ya Nadjma iliangukia tarehe ileile, ishirini Disemba. Nilihesabu mara tatu, nikitumaini nimekosea, mimi mwalimu wa hesabu. Tulisoma hitima. Niligawa nguo zote, na kile kitambaa cha Idd nilimpa yatima mmoja. Tadjiddine alisoma na wenzake mpaka mwisho kwa sauti iliyosimama, na kesho yake akaenda kazini, akatoa salamu chumbani mwake, na kufuli asiliguse.

Hakulifungua mwezi uliofuata, wala mwaka uliofuata.

Tadjiddine aliyajua madaftari na kurasa zake kuliko mtu yeyote hapa. Onyo la kwamba daftari limejaa asilimia themanini lilipoanza kumjia, alilizima. Aliagiza diski mpya Antananarivo, zikachelewa, akaagiza tena. Alidhani atalikimbia jambo lile kwa kuongeza nafasi.

Ijumaa moja ya Aprili 2012 nilimaliza vipindi mapema, nikampelekea kanzu na kofia kazini kama kila Ijumaa, ili atoke pale aende msikitini. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Nilimkuta Echata mlangoni, mikono kiunoni.

"Ba Nadjma, kabati lako limevimbiwa. Nalilisha dozi za wagonjwa, halimezi."

"Usiandike tena," alimjibu bila kugeuka.

"Nimeandika mara nne."

"Ndiyo maana nakwambia usiandike tena. Chukua karatasi. Wodi zote zichukue karatasi. Jina, saa, dawa, na sahihi ya aliyetoa. Na mtu asizime kompyuta hata moja, sikia? Akizima, kilichokuwa njiani kinapotea."

"Na kalamu utatoa wewe? Maana mwaka huu tumepewa mbili."

"Echata!"

"Naenda, naenda. Shikamoo, Ma Nadjma. Mumeo kaamka na simba."

Nilikaa kwenye kiti cha pembeni na kanzu mapajani. Nilimwona akifanya kazi, na nataka ijulikane kwamba aliifanya kwa mpangilio. Kwanza alisimamisha ratiba ya kupiga picha mpya, zisizidi kula. Kisha akasimamisha mtambo wa mafaili kwa utaratibu, usiendelee kugonga ukuta. Kisha akafungua orodha ya picha aone nani kamaliza nafasi. Picha ishirini na nne za siku ile na ya jana zilipangwa chini, kila moja kama uzi. Juu kabisa palikuwa na moja peke yake, na alama ndogo ya kufuli.

Niliisoma tarehe nikiwa pale kitini.

"Hii nini?"

"Picha."

"Naona ni picha. Nauliza tarehe."

"Ma Nadjma, sasa hivi siwezi."

"Ni ile jioni."

Kabati lilivuma. Nilielewa ghafla ile salamu ya asubuhi alikuwa akimpa nani. Miezi kumi na saba nilikuwa nimemwombea dua mtoto wangu mbele ya rafu tupu ya nguo, na baba yake alikuwa akimtembelea kila siku katika chumba cha baridi, mahali ambapo bado ni Jumanne, homa imeshuka, na ataruhusiwa Alhamisi.

Mlango ulisukumwa. Alikuwa Dokotera Daoudou, mpasuaji, amevaa nguo za chumba cha upasuaji na barakoa imening'inia shingoni.

"Tadjiddine! Nina mama mezani anatoka damu. Mwaka juzi alitiwa damu hapahapa ikamdhuru, naikumbuka sura yake, lakini sikumbuki ilikuwa damu ipi wala tulimpa nini. Kompyuta inaniambia subiri. Nimsubiri nani, mimi?"

"Robo saa, Dokotera."

"Hana robo saa mbili."

"Nimesema moja."

Daoudou alinitazama, akaitazama kanzu, akatoka akikimbia.

Tadjiddine alifuta picha ishirini na nne za chini, moja baada ya nyingine. Nafasi iliyorudi ilikuwa asilimia tatu. Alijua itakuwa hivyo, na mimi nilijua kwamba anajua, kwa kuwa hesabu ilikuwa kwenye kioo cha kompyuta mbele yetu: ile moja ya juu ilikuwa imeshika asilimia tisini na saba.

"Nafasi haiongezeki?" nilimwuliza. Nilikuwa mama pia.

"Diski mpya ziko kwenye lori. Zimetoka Antananarivo jana." Alisugua uso. "Humu iko moja ya tahadhari, inangoja kushika nafasi ya itakayokufa. Nikiichukua, na nyingine ikafa leo, tunapoteza mafaili ya wote."

"Wagonjwa wangapi wamelala?"

"Arobaini na mmoja."

"Basi hiyo si njia."

"Si njia," akakubali.

"Ichapishe. Toa kurasa zake, halafu uifute."

"Kuifungua picha nzima kunataka nafasi, na nafasi ndiyo iliyoisha." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Miezi kumi na saba ningeweza kuichapisha siku yoyote. Nilikuwa naona nikitoa karatasi moja, basi itakuwa karatasi. Haitakuwa ile jioni tena."

Nilisimama. Niliyomwambia nayaandika kama yalivyotoka. "Niligawa mpaka kanga yake ya kuogea, Tadjiddine. Ulikaa pale ukisoma hitima mbele za watu, na wewe umemficha mtoto huku. Kwa nini hukuniambia? Ningekuja. Hata mimi ningekuja kumwamkia."

Aligeuka akanitazama. Halafu akasema, "Leo ndiyo arobaini yake."

Hapa ndipo penye dakika nne. Wanaomsema wanasema alichelewa, na ni kweli, alichelewa dakika nne. Mimi nilikuwepo na saa ilikuwa ukutani. Picha haikuweza kufunguka nzima, lakini fundi anayejua anaweza kuisoma vipande vyake vibichi, herufi tupu bila mpangilio. Alitafuta jina la mwanawe. Mistari ya Echata ikatoka kwenye kioo. Echata mwenyewe alikuwa amerudi mlangoni na karatasi zake, akaviona vidokezo vyake vya siku ile, akaufunga mlango akabaki nje, awazuie watu. Tadjiddine alisoma. Alisoma mara moja, kidole juu ya kioo, kama mtoto wa chuoni anavyofuata aya. Mimi nilikaa nyuma na sikusoma, kwa sababu macho yangu hayakuona.

Kisha akafungua kufuli. Kabati liliuliza kama ana hakika, akaandika neno la siri. Likauliza mara ya pili. Alisema "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un" kwa sauti ya chini, ile sauti ya kaburini, akabonyeza.

Mvumo wa kabati ulipanda. Nilidhani limeharibika.

"Liache," alisema. "Linasafisha. Nafasi hairudi mara moja." Alikunja mikono akiangalia tarakimu zikishuka: tisini na saba, tisini na moja, sabini na nane. Aliniambia kwamba mafundi wengine hapo ndipo wanapoharibu: wanaona taratibu, wanazima na kuwasha, na linalosafishwa linakatika katikati. Yeye alisubiri. Ilipofika arobaini na tano aliwasha mtambo wa mafaili, ukajisoma wenyewe kumbukumbu za yale yaliyokatizwa na kuyamalizia. Bado hakumruhusu mtu. Alifungua mafaili matatu kwa mkono, akayalinganisha na karatasi za Echata, na la tatu lilikuwa la yule mama wa mezani. Akapaza sauti ukutani: "Echata! Mwambie Dokotera afungue faili sasa!"

Tangu Daoudou alipotoka mpaka hapo zilipita dakika kumi na tisa. Mtu alikuwa ameahidi kumi na tano. Zile nne nimekwisha kueleza zilikwenda wapi. Mama alipewa damu iliyomfaa na mtoto alilia kabla ya adhana. Daoudou alipokuja baadaye hakumkaripia. Alimshika bega, akasema, "Umenizeesha, bwana wee," akaenda kunywa maji.

Jioni nzima waliingiza yale ya kwenye karatasi, wodi kwa wodi, Echata akisoma na Tadjiddine akiandika. Hakuna dozi iliyopotea. Jumatatu diski mpya zilifika. Alipanua nafasi ya picha, akarudisha onyo, akaliweka kwenye asilimia sitini lipige simu ya mkuu wa hospitali na si yake peke yake, akabadili lile chaguo la mwanzo, na akaondoa ruhusa ya kutia kufuli kwa kila mtu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Yote haya aliyaandika, akatia sahihi, akampa mkuu pamoja na maelezo ya kosa lake. Nakala ninayo. Mkuu aliisoma, akaiweka kwenye mtoto wa meza, akamwambia arudi kazini. Mtu aliyefuta ushahidi haandiki barua ya namna hiyo.

Nimeruka jambo moja la Ijumaa ile. Swala ya jamaa ilikuwa imempita akikagua mafaili mengine, lakini alivaa kanzu akasema atakwenda hivyohivyo. Nilimfuata. Alipofika kona hakuzunguka. Alipita mtaa ule. Pale palipokuwa kwao sasa ni kwa fundi wa matairi. Tadjiddine alisimama kidogo, akanionyesha kwa mkono sehemu ya ukuta iliyojaa mipira iliyoisha.

"Mlango ulikuwa huku," alisema. Tukaendelea.

Watu wangependa nimalizie kwa kusema alitulia baada ya hapo. Hakutulia. Aliendelea kutoa salamu chumbani kila asubuhi mpaka mwaka aliokufa, na Echata ameniambia kwamba siku nyingine alikuwa akisimama baada ya kuitoa, kama anayesubiri. Jumanne jioni hakupenda kuwa peke yake. Mimi nami, saa kumi na mbili ikifika Jumanne, najikuta nimesimama jikoni sijui nimesimamia nini, kisha nakumbuka.

Alikufa Julai 2016, kwa moyo, akiwa usingizini. Siku ya tisa ya eda alikuja Sittou, binamu yake wa upande wa baba, akakaa karibu yangu sana.

"Wifi, najua una mzigo," aliniambia. "Watu wanasema mtoto aliandikisha jambo jioni ile kabla hajafa. Wengine wanasema alitaja jina la mwanamume. Wengine wanasema alimlaani mtu. Tuambie tu sisi wa nyumbani alisema nini, tuwazibe midomo."

"Ukiwaambia hutawaziba, Sittou. Utakuwa umewapa la kutafuna."

"Kwa hiyo lipo."

"Chai yako inapoa."

"Unajivuna, Faouzia. Tangu zamani. Unguja ilikuharibu."

"Kunywa chai, wifi."

Basi haya ndiyo ninayosema, na nayasema mara moja. Faili la Nadjma lipo hospitalini. Mwaka 2017 niliomba kwa maandishi nikalionyeshwa: malaria iliyopanda kichwani, dawa alizopewa, saa ya kufa. Madaktari hawakuficha kitu na hawakuombwa kuficha. Kilichofutwa Ijumaa ile ni picha, na kilichokwenda nayo ni vidokezo vya zamu moja, vidokezo ambavyo kwa wagonjwa wengine huondolewa siku ileile ya kifo bila mtu kuuliza.

Ndani ya vidokezo hivyo mlikuwa na maneno ya mwanangu. Nadjma aliyasema, Echata akayaandika, baba yake akayasoma, na usiku wa Ijumaa ile akaniambia neno kwa neno. Echata hajayatoa mpaka leo, na ndiyo maana akija kwangu namwekea kiti changu.

Nami nayajua. Sitayaandika hapa, sitayasema kwa mdomo, na sitasema kama yalikuwa mazuri au mabaya. Ndugu zangu wa Unguja wasiniulize tena. Anayekuja nyumbani kwangu kwa ajili hiyo atapewa chai, na akimaliza chai atakwenda zake.